Mbegu Zilizomngoja Dani

Mama alipofika kwangu Homa Bay mwezi uliopita, kwa ajili ya goti lake linalomsumbua, alitoa kikapuni hindi moja la mbegu. Lilikuwa bado limevaa maganda yake, yamekunjwa na kusukwa kama nywele, na lilikuwa jeusi kwa moshi. Akatafuta msumari jikoni, akalitundika juu ya jiko langu la gesi, mahali ambapo hapana moshi wowote wa kulihifadhi. Nilipomuuliza la nini, alisema nitajua baadaye. Kabla hajamaliza chai yake, nyumba nzima ilikuwa inanuka dari la jiko la kijijini: masizi, kuni mbichi, na utamu fulani wa nafaka iliyokauka polepole. Wanangu waliuliza ni nani ameunguza chakula. Mimi nilikaa chini.

Wenzangu mliokulia Uriri mnaijua harufu hiyo. Kwenu huenda inawarudishia bibi, au likizo za Aprili. Mimi hunirudishia msimu mmoja tu, ule ambao boma letu zima lilikaa na mbegu tayari, mvua ikinyesha, majirani wakipanda, na sisi hatukupanda. Niseme mapema kwamba hatukuwa wavivu, wala hatukuwa wajinga. Watu wakisikia kisa hiki hucheka, nami huwaacha wacheke, kisha huwauliza mara ya mwisho walikaa kwenye mkutano na kukubali jambo wasilolitaka ilikuwa lini. Hapo kicheko hupungua.

Kwetu, mbegu haziingii ardhini ovyo ovyo. Boma lina mama wake, naye ndiye hutangulia. Yeye hutia mbegu zake kwanza, kisha hufuata mke wa mwana wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa mwisho. Anayemruka aliye mbele yake hujiletea chira, ile laana inayomkausha mtu taratibu bila ugonjwa wenye jina. Sisi tulikuwa watu wa Sabato, na pale uwanjani hakuna mtu mzima ambaye angekubali mchana kweupe kwamba anaogopa chira. Kwa hiyo tuliiita heshima. Mama wa boma letu alikuwa Dani, yaani bibi yangu mzaa baba. Babu alikuwa amekwishafariki. Mimi nililala nyumbani kwa Dani, kama walivyolala wajukuu wa kike wakati huo, na hindi la mbegu lililokuwa juu ya moto wake ndicho kitu cha mwisho nilichokiona kabla ya kufumba macho.

Mwaka huo Dani alianguka akitoka kisimani, akavunjika mguu. Alilazwa Homa Bay, kisha shangazi akamchukua akapone kwake Mbita, karibu na ziwa. Alipoondoka ardhi ilikuwa ngumu kama sahani. Hakuna aliyefikiria mvua.

Mvua ikaja. Ilikuja vizuri, ya kuloweka, siyo ile ya kupiga kelele na kukimbia. Baba mkubwa, mwana wa kwanza wa Dani, akaita watu wa boma uwanjani siku ya Jumapili. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya kahawia, na kofia hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mikutano yetu: ikiwa gotini, mkutano unaendelea, ikipanda kichwani, umekwisha. Alisema mama yetu ni mgonjwa, na kwamba kwa heshima yake tutamngoja arudi aanze yeye. Mama mkubwa, mkewe, alisema ndivyo inavyofaa. Mama Otis, mke wa mwana wa pili, ambaye mumewe alikuwa kazini Mombasa, alisema hata yeye anaona hivyo. Baba yangu, kitinda mimba, alitikisa kichwa kukubali. Baba mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno lingine, huku kofia tayari iko njiani kwenda kichwani. Tukaomba, tukasema amina.

Mimi nilikuwa katika umri ule wa kutumwatumwa. Chumvi kwa Mama Otis, makaa ya moto kwa Mama mkubwa, ujumbe kwa Baba zizini. Mtoto anayetumwa huingia jikoni kabla watu hawajanyamaza, kwa hiyo wiki ile nilisikia mengi. Mama Otis, akipuliza moto, alijisemea kwamba angekuwa peke yake angepanda siku ileile mvua ilipoanza. Mama mkubwa alimwambia binti yake kwamba udongo huu ukipita, hautarudi. Baba alimwambia Mama kitu hichohicho, kwa sauti ya chini, akivua viatu vyenye matope. Hata Baba mkubwa nilimkuta ameegemea zizi, akimwambia ng'ombe wake, "Angerudi kesho tu, mama huyu. Kesho tu."

Mngetarajia nielewe. Sikuelewa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba jambo lililofungwa kwa amina ni la kweli, kwa hiyo niliamua kwamba maneno ya uwanjani ndiyo ya kweli, na maneno ya jikoni ni majaribu tu, kama njaa ya mtu aliyefunga. Niliwahurumia watu wangu wazima. Niliwaombea mmoja mmoja, kwa majina, ili washinde tamaa ya kupanda.

Kila jioni tulikusanyika kwenye simu ya Baba mkubwa, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa simu ya boma. Aliiweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alimuuliza Dani mguu unaendeleaje. Dani alisema unaendelea vizuri. Dani aliuliza kama tuko salama, nasi sote, wakubwa kwa wadogo, tulijibu kwa pamoja kwamba tuko salama, apone tu. Nje ya duara letu mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakuna aliyeitaja. Kumtajia mvua kungekuwa kama kumwambia kwamba anachelewa.

Majirani walikuwa wamekwishapanda. Kisha mahindi yao yakatokeza, mistari myembamba ya kijani kama maandishi ya mtoto. Shamba letu lililolimwa kwa plau lilianza kuota magugu. Shuleni waliniuliza kama kwetu tumeamua kufuga nyasi. Nilijibu kwamba kwetu tuna heshima, na waliocheka niliwaona watu wa kupotea.

Jumapili nyingine tukakaa tena uwanjani, na mambo yalikuwa yanaelekea kulekule. Kofia ilianza kupanda. Ndipo Mama yangu, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa kama mke wa kitinda mimba anavyotakiwa, akamwomba Baba mkubwa aishushe kidogo.

"Nina swali moja tu, shemeji," akasema. "Kuna aliyemuuliza?"

"Kumuuliza nani?"

"Mama. Kuna mtu amemuuliza kama anataka tumngoje?"

Mama Otis alitazama vidole vya miguu yake. Baba alitazama mbali, ambako hakukuwa na kitu. Mama mkubwa ndiye aliyejibu, akitabasamu.

"Nyar Rusinga," alimwita, yaani binti wa Rusinga, kwani Mama aliolewa kutoka kule kisiwani, "kwenu mnavuna samaki ambao hamkuwapanda. Mambo ya mbegu tuachie sisi."

Watu wakacheka, kwa shukrani ya kupata cha kucheka. Mama alicheka pia, kisha akauliza tena. Baba mkubwa hakukasirika, alihuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema taratibu, "Ukimuuliza mgonjwa kama tupande bila yeye, unamwambia kwamba hatutarajii arudi. Shemeji, unamzika mama yangu akiwa hai."

"Basi nitakwenda mimi. Na akichukia, mtanihukumu."

"Tukikuhukumu utakwenda wapi?" Mama mkubwa akauliza.

"Nitarudi kwetu nikavune samaki."

Safari hii hakuna aliyecheka. Sote tulijua ilikuwa inawezekana. Mke aliyemtakia mabaya mama wa boma asingekaa pale. Jioni hiyo Baba alimwambia Mama kwamba alipaswa kumnong'oneza yeye kwanza. Mama akasema, "Nimekunong'oneza wiki hizi zote, na wewe umeninong'oneza mimi. Sasa shamba limejaa magugu na sisi wawili tuna siri."

Kesho yake alinichukua nimsindikize Mbita. Alitia mbegu zake kwenye kopo la majani ya chai, akanipa nilishike. Mimi nilikuwa nimelisikia lile neno la Baba mkubwa, na nililielewa kama lilivyosemwa. Kuuliza kunazika. Mama yangu alikuwa anakwenda Mbita kumuua bibi yangu kwa swali, na mimi ndiye niliyebeba kopo.

Tulimkuta Dani barazani kwa shangazi, ameketi mkekani na mguu wake umeinuliwa juu ya mto, akichambua omena, wale dagaa wa ziwa, kwenye ungo. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimrukia nikamshika shingo, nikamnusa kuhakikisha kwamba bado yupo. Alinuka samaki na mafuta ya taa ya kuchulia mguu, na chini yake, kwa mbali, moshi wa nyumbani. Mama akapewa maji, akasalimia, akauliza mguu. Akaweka kikombe chini ili aanze. Nikaona nisipofanya jambo, nitakuwa nimechelewa.

"Dani, usimsikilize Mama," nikasema. "Akikuuliza utakufa."

Dani aliacha kuchambua. "Aniulize nini?"

Mama akamwambia. Hakupamba, hakumsingizia mtu. Alisema mvua imekuja, majirani wamepanda, sisi hatujapanda, tunamngoja yeye. Nilifumba macho nikaziba masikio, lakini vidole vya mtoto ni vyembamba, nilisikia yote. Nilingoja sauti ya mtu anayeanguka. Nilipofumbua jicho moja, Dani alikuwa yuko vilevile, ameshika omena mmoja hewani.

"Hamjapanda," akasema.

"Hatujapanda, mama."

"Mvua yote ile?"

"Yote."

Akamrudisha yule omena kwenye ungo, polepole. "Usiku wa kwanza ilipopiga mabati hapa, nilisema, sasa wako shambani. Nilikasirika kidogo, sitakudanganya. Nilisema kumbe hawanihitaji. Kila jioni nangoja mkubwa wenu aniambie, naye ananiuliza mguu. Nikasema wananificha ili nisiumie."

"Mbona hukuuliza, mama?"

"Niulize? Mngesema huyu mwanamke hata kitandani hataki kuachia jembe."

Wakatazamana, mama mkwe na mke wa mwana wake wa mwisho. Dani ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika mguu kwa maumivu, kisha kicheko kikakatika ghafla na akaomba simu ya shangazi.

Baba mkubwa alipopokea, alianza kama kila siku. "Mama, mguu unaendeleaje?"

"Mguu uko mwisho wa mwili wangu, hauendi popote. Mmepanda?"

Kisha nikamsikia akisema kwamba walikuwa wanamngoja, kwa heshima.

"Heshima hiyo mtaipika na mboga gani? Nani aliamua?"

"Tuliamua sote, mama."

"Sote ni nani? Nipe jina la mtu mmoja."

Hakuweza. Alikuwa mtu mwaminifu, akalitafuta jina hilo kweli, nasi tulimsikia akilitafuta. Halikuwapo. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika boma lile aliyetaka kungoja, na bado sote tulikuwa tumeamua kungoja.

Shangazi alipendekeza Dani atie mbegu pale nyuma ya nyumba, ionekane ametangulia. Dani alikataa, kwani mama hapandi kwenye boma alikoolewa binti yake. Badala yake alimimina mbegu za Mama za koponi kiganjani, akazisugua kati ya mikono yake kama mtu anayezipasha moto, akazirudisha. "Huyu analala nyumbani kwangu," akamwambia Mama, akinionyesha kwa kidevu. "Mkono wake utakuwa wangu. Mkifika, aanze yeye kwenye shamba langu. Nyinyi wote mfuate, na asiwepo wa kunipigia simu kuniuliza mguu mpaka mmalize."

Asubuhi iliyofuata boma zima lilisimama kandokando ya shamba la Dani, kwenye umande. Baba mkubwa alinichimbia mashimo, amevua kofia. Nilidondosha mbegu, nikafukia kwa kisigino kama nilivyomwona Dani akifanya. Nilikuwa bado nangoja mtu afe. Hakufa mtu. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameshatawanyika kila mmoja kwenda kwake, karibu wanakimbia. Hapo nikaona jambo ambalo silisahau. Jembe la Mama Otis lilikuwa limenolewa linang'aa. Mama mkubwa alikuwa na mbegu zake zimeshapukuchuliwa, ziko ndani ya kanga kiunoni. Kila mtu alikuwa tayari, na dhahiri alikuwa tayari siku nyingi.

Ningependa kuwaambia kwamba tulivuna. Mvua iliondoka mahindi yetu yakiwa yanatoa ndevu tu. Yalibaki mafupi, magunzi yana meno machache kama mdomo wa mtoto wa chekechea. Mwaka huo tulikula kutoka soko la Uriri, tukila mara moja pale tulipozoea mara mbili. Dani aliporudi na fimbo yake alipita kati ya mistari ile, akavunja hindi moja, akalitazama. "Haya ndiyo mahindi ya Sote," akasema, kana kwamba Sote ni jina la mkulima fulani mbaya anayeishi nasi.

Baadaye, kila kisa hicho kilipotajwa, watu walisema wao walitaka kupanda tangu mwanzo. Mama Otis alisema. Mama mkubwa alisema. Nilipokuwa kijana nilikasirika nikidhani wanadanganya. Hawakudanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo ningependa mlishike. Tunapenda kudhani kwamba kundi hupotezwa na mtu mwovu, au na kiongozi mkali. Baba mkubwa hakuwa hata kimoja kati ya hivyo. Tulipotezwa na upendo wetu, na woga wa kila mmoja kuonekana ana upendo mdogo kuliko jirani yake. Kila mtu aliyetikisa kichwa alimwongezea mwenzake sababu ya kutikisa chake. Na yule aliyeuliza, ambaye alitaka tu kujua, ndiye aliyeitwa mbishi. Mama hakushukuriwa na mtu. Mpaka leo kuna watu kwetu wanaomwita mwanamke wa maswali, na hawamaanishi sifa.

Basi nami nimelichukua jina hilo, nikalivaa. Mwaka jana akina mama wa kanisa letu hapa mjini waliamua twende kisiwa cha Takawiri kwa boti, majira ya upepo, tukapumzike. Wote walisifu wazo. Mwenyekiti alikuwa amekwishafunga Biblia yake kwa ajili ya ombi la mwisho. Nikamwomba aifungue kidogo, nikasema mimi naogopa maji na sitaki kwenda, je, ni mimi peke yangu? Kisha mama mmoja mnene wa nyuma akasema yeye hajalala tangu safari itajwe. Mwishoni tulikula pilau uani kwa mwenyekiti, ambaye alininong'oneza kwamba hajui kuogelea. Nilimwambia aseme kwa sauti. Tafadhali, nanyi semeni kwa sauti. Hamhitaji kuwa mashujaa. Mama yangu hakuwa shujaa. Alikuwa na swali moja, akalitoa kabla kofia haijafika kichwani.

Dani hayupo tena. Baba mkubwa na Mama mkubwa hawapo. Mama Otis alimfuata mumewe Mombasa. Sasa mama wa boma ni Mama yangu, nyar Rusinga, na mbegu zote zinamtazama yeye. Daktari alipomwambia aje akae kwangu mpaka goti lipone, niliogopa: mvua ilikuwa karibu. Sikumuuliza kitu siku ya kwanza, alikuwa amechoka. Siku ya pili nilipomuuliza, alicheka, akalionyesha lile hindi msumarini.

"Ndugu zake wako ardhini," akasema.

Kabla hajapanda gari kuja kwangu, alikuwa amekwenda shambani jua likiwaka, ardhi imepasuka, akatia mbegu zake kwenye vumbi. Wake za kaka zangu walisimama pembeni wakimcheka, wakasema mama amezeeka. Aliwaambia kwamba ametangulia, na kwamba mvua ikija wasimtafute.

Ilinyesha juzi. Tuliisikia ikitoka ziwani, ikapita juu ya mji, ikaelekea nyumbani. Jana asubuhi nilimpigia kaka yangu. Alipokea akihema, nyuma yake kulikuwa na watoto wanaofokeana na jembe linalogonga jiwe, akasema haraka kwamba hana nafasi, wako shambani wote, atanipigia jioni. Akakata.

Mama alikuwa ananitazama. "Ameniuliza goti?"

"Hapana."

"Hata salamu?"

"Hata salamu, Mama."

"Vizuri," akasema, akanyoosha mguu wake juu ya mto.